Msimamizi wa Foleni, Daraja la Pili

Mkurugenzi hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Jina hilo alipewa na makondakta kwa sababu ya tai yake, ambayo hakuivua hata jua liwe la utosi, na faili la kijani alilolibana kwapani, ambalo ndani mlikuwa na magazeti ya zamani tu. Kazi yake ilikuwa kuuza viti. Basi likikaribia kituo, kabla halijasimama sawasawa, yeye alikuwa ameshaingia kwa dirisha, tai begani, na kutandaza vipande vya gazeti kwenye viti sita. Abiria wakiingia kwa viwiko na matusi wanakuta viti vina wenyewe. Mwenye haraka, au mwenye magoti mabovu, anampa Mkurugenzi chochote azungumze na mwenye kiti, gazeti liondolewe. Biashara safi kabisa. Haikutaka mtaji, ilitaka fujo, na fujo kituoni pale ilikuwepo asubuhi na jioni, ya bure.

Siku moja, mguu wake mmoja uko ndani ya basi na mwingine nje, ndipo alipomwona yule mama.

Mabasi matatu yalikuwa yamemwacha. Alikuwa mrefu, amevaa gauni la kijivu lililopigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea, na viatu vyeusi vya kamba. Kila basi lilipokuja alisukumwa, akarudishwa nyuma, akanyoosha gauni, akasimama tena palepale, kama anayengoja jina lake liitwe. Mgeni huyu, Mkurugenzi alijisemea, na roho yake ikachangamka. Mgeni wa mjini humkosi: anangoja zamu yake, halafu anauliza mhusika ni nani.

"Kijana," mama akamwita, maana alikuwa ameona tai. "Mhusika wa hapa ni nani?"

"Shikamoo, mama. Mhusika wa nini?"

"Marahaba. Wa kupanga watu. Kundi lote hili haliwezi kukosa mtu wa kulipanga."

Tapeli wa kawaida angecheka, akamuuzia kiti, yakaisha. Lakini Mkurugenzi, tumpe haki yake, alikuwa na kipaji. Alilihamisha faili kutoka kwapa moja kwenda jingine na kushusha sauti.

"Mama, umekuja wakati wake. Nafasi iko wazi tangu mwezi jana. Msimamizi wa Foleni, Daraja la Pili. Mwenzetu amestaafu." Akanyamaza kidogo kwa heshima ya mstaafu.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayeajiri."

Mama alimtazama kuanzia tai hadi viatu, na viatu vilimchukua muda. Kisha akajieleza. Alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana, miaka thelathini na moja. Wasichana mia nne, bwalo moja, milango miwili, na hakuna aliyewahi kukanyagwa. Sasa amestaafu, amekuja kukaa kwa binti yake, analala kwenye kochi la sebuleni.

"Mkwe wangu ni mtu mzuri," alisema. "Kila jioni ananiuliza nitarudi lini nyumbani. Anauliza kwa upole. Huo upole ndio unaoniumiza."

Mkurugenzi alihisi kitu kikimchoma kifuani. Alidhani ni huruma, akangoja, kikapita.

"Kuna ada ya fomu," alisema, "ada ya sare, na kidogo ya kuharakisha."

Matroni alifungua mkoba, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akalipa kutoka kwenye kiinua mgongo chake bila kuomba kupunguziwa. Hilo la kutoomba kupunguziwa lingemshtua tapeli makini. Mkurugenzi alikuwa anahesabu noti.

Usiku ule alifanya kazi kwa bidii ambayo angeipeleka kwingine angekuwa tajiri. Aliandika barua ya ajira kurasa mbili, akinakili neno kwa neno barua ya kweli ambayo abiria mmoja aliisahau kwenye kiti, pamoja na vifungu vyake vyote, kwa kuwa karatasi yenye vifungu inatisha. Muhuri aliuchonga kwenye soli ya kandambili. Kizibao cha kung'aa alikipata kwa wachimba mitaro, na filimbi kwenye duka la vitu vya watoto. Asubuhi alimkabidhi mama vyote, akampa mkono.

"Hongera, mama. Jiji zima linakutegemea."

Halafu akaingia mitini siku nne, kama taaluma yake inavyotaka. Alijua yatakayotokea: mama atapuliza filimbi, atakanyagwa, atalia kidogo, atarudi kwenye kochi lake.

Siku ya tano alirudi, akakuta kimya. Alidhani madereva wamegoma. Ndipo akauona mstari. Chokaa ilikuwa imechorwa chini kuanzia kwenye bango la kituo, ikazunguka kibanda cha fundi simu, ikakata kona. Watu kama mia mbili walikuwa wamesimama juu yake, mmoja nyuma ya mwenzake. Wazee na wajawazito wamekaa kwenye benchi mbele. Matroni, ndani ya kizibao, alikuwa anapita akikagua.

"Chomekea," alimwambia muuza nyama mmoja mwenye kifua kama beseni. Na yule bwana, ambaye kituo kizima kilikuwa kikimwogopa, akachomekea shati.

Basi likaja. Mkurugenzi, kwa mazoea tu, akarukia dirishani.

Filimbi ililia. "Wewe mwenye mguu dirishani!"

Vichwa mia mbili viligeuka. Matroni alisogea, akamtambua, uso ukamng'aa. "Kumbe ni wewe, bosi! Jamani, huyu ndiye mkubwa wa idara. Ndiye aliyeniajiri!"

Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja kwenye benchi akamwombea maisha marefu. Si rahisi kushuka dirishani kwa heshima huku unapigiwa makofi, lakini Mkurugenzi alijitahidi.

Siku tatu zilipita hajauza hata kiti kimoja. Alikunywa chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni, tena kwa mkopo. Makondakta nao hawakutaka kumsikiliza. "Basi linajaa kwa dakika mbili, tunapata safari mbili zaidi kwa siku," mmoja alimwambia. "Mfikishie bosi wake shukrani zetu. Aa, bosi si wewe?"

Akaona dawa ni moja. Akaandika barua ya kumwachisha kazi, mihuri miwili, akaipeleka mwenyewe.

Matroni alivaa miwani, akaisoma kwa sauti, mstari mzima ukisikia. Kisha akatoa mkobani ile barua ya kwanza, ambayo alikuwa ameipigia mistari kwa wino mwekundu.

"Kifungu cha saba, bosi. Notisi ya miezi mitatu, au mshahara wa miezi mitatu badala yake. Na kifungu cha nne kinasema mshahara ni tarehe ishirini na tano. Leo ishirini na tatu. Nakukumbusha tu."

"Mlipeni mama!" akanguruma muuza nyama.

"Mlipeni!" mstari ukaitikia.

Mkurugenzi alikuwa bado anakitafuta hicho kifungu cha saba gari jeupe liliposimama, na bwana mmoja mwenye miwani akashuka na faili nene. Hilo lilikuwa faili la kweli, lina kamba.

"Natoka ofisi ya usafiri ya jiji," alisema. "Nani aliyeanzisha utaratibu huu?"

"Huyu hapa," Matroni akasonta. "Mkubwa wa idara."

Mkurugenzi alipiga hesabu haraka: tapeli wa viti hula kofi moja akaenda zake, lakini mtu aliyeunda idara ya serikali kichwani mwake atafungwa hadi mvi zimtoke. Na hapohapo akaona mwanya. Serikali yenyewe imekuja, basi na imwondoe huyu mama!

"Afisa, hakuna idara!" alisema. "Hakuna Daraja la Pili wala la kwanza. Barua nimeandika mimi, muhuri ni soli ya kandambili. Mimi nauza viti tu, navishika kwa magazeti, muulize yeyote. Huyu mama hana mamlaka hata ya kufukuza kuku. Mwondoeni!"

Ulikuwa ukweli wake wa kwanza kwa miaka mingi, na ulimtoka vizuri ajabu. Alijisikia mwepesi.

Afisa alifunga faili taratibu. "Inasikitisha. Nimetumwa nimtafute aliyebuni jambo hili, tumpe vituo vyote vya jiji avisimamie. Kuna ofisi. Kuna gari na dereva wake."

Mkurugenzi alinyoosha tai. "Nilikuwa natania, afisa."

"Hapana," afisa alisema, ameichukua barua mkononi mwa Matroni na kuiinua kwenye mwanga. "Ni soli kweli. Naona mpaka mistari ya kuzuia utelezi." Akamgeukia Matroni. "Mama, wewe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Nimesoma vyeti vya ugonjwa walivyojiandikia wasichana miaka thelathini na moja. Huyu hata wa kidato cha kwanza hamfikii."

"Mbona ukalipa?"

Matroni alivua miwani. "Nimebisha hodi ofisi sita mjini hapa. Zote zimeniambia nimezeeka. Huyu peke yake ndiye aliyeniambia nafasi ipo. Nilitaka filimbi na karatasi yenye muhuri, basi, kwa sababu muhuri watu hawausomi, wanauogopa. Na jioni ile nilimwambia mkwe wangu: usiniulize kitu, kesho naamka mapema, nakwenda kazini. Nilifurahi, afisa. Nilifurahi sana."

Afisa aliandika kitu, akachelewa kuinua uso. "Jumatatu, mama. Saa mbili asubuhi, ofisini kwangu."

Mkurugenzi alikuwa ameanza kurudi nyuma, hatua moja moja. Lakini mstari ulikuwa na masikio.

"Hebu subiri kwanza!" alisema mwanamke mmoja mwenye magoti mabovu. "Kumbe yale magazeti yalikuwa yako? Mwaka mzima mimi nakulipa!"

"Na mimi!"

"Hata mimi!"

Muuza nyama alianza kukunja mikono ya shati. Kwa mara ya kwanza tangu chokaa ichorwe, mstari ukavunjika, ukamjia. Mkurugenzi akajifunika kichwa kwa faili la kijani na kufumba macho.

Filimbi ililia mpaka madirisha ya basi yakatetemeka.

"Hakuna kupiga mtu kituoni kwangu!" alisema Matroni. "Wenye madai na kijana huyu, mstari wa pili, upande huu. Wazee mbele, wenye watoto wafuate. Wewe wa nyama, mwisho."

Wakajipanga. Mkurugenzi alifumbua jicho moja, akautazama mstari ukirefuka. Ulipita kibanda cha fundi simu, ukakata kona, na bado kulikuwa na watu wanakimbia kutoka ng'ambo ya barabara kuja kuunga.

Matroni alimsogezea kigoda. "Kaa, mwanangu, utachoka kusimama," alimwambia, kisha akainua kichwa.

"Wa kwanza!"