Bunduki ya Baba Mkwe Yaingia Sauna

Jumatatu, 2 Septemba
Mvua. Mke wangu Tellervo kaniletea bunduki ya marehemu baba yake, kaifunga kwa blanketi. Kaniomba niipake mafuta, basi. Mafuta tu! Kitu kikongwe hivi! Jumamosi wawindaji wa kijiji wanachagua atakayerithi nafasi ya mzee ya kuvizia kando ya kinamasi. Ama mimi, ama shemeji Taisto, ndugu yake Tellervo, mwenye buti mpya na anayependwa na kila mtu. Nikitokea na bunduki inayong'aa, nani atamtazama Taisto?

Jumanne, 3 Septemba
Nimesugua kitako cha bunduki kwa msasa kutwa. Palikuwa na doa jeusi, la mafutamafuta, pale mtu anapoegemeza shavu. Ubishi wake! Limetoka. Mbao nyeupe pee. Taisto kapita, kauliza kama nachonga mwiko. Wivu.

Jumatano, 4 Septemba
Zamu ya mtutu. Chuma kikiota kutu nyembamba, kikachemshwa na kusuguliwa, huwa cheusi cha kupendeza. Kutu yataka mvuke. Mvuke tunao! Nimewasha sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, nimeutundika juu ya benchi. Ili mambo yaende upesi, nimetia chumvi kwenye ndoo ya maji. Haraka haraka haina baraka, husema wavivu.

Ijumaa, 6 Septemba
Taisto kaja kuoga bila kualikwa. Kanawa uso kwa maji ya ndoo. Katoka mbio uchi hadi ziwani, anapiga kelele kuwa macho yanamwasha na mimi nina wazimu: humo ndimo alimozaliwa yeye, ndimo walimooshea maiti ya baba yao, nami nafuga kutu! Kutu yenyewe imekuwa nene kama magome ya msonobari. Nimekwangua. Haikwanguki yote.

Jumamosi, 7 Septemba
Mkuu wa wawindaji, mzee Onni, kachungulia mtutu, kasema humo hata sisimizi hapiti. Wamecheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Nafasi kapewa Taisto.
Nyumbani Tellervo kapitisha kidole kwenye kitako, kauliza liko wapi lile doa. Nikamwambia kwa fahari kwamba uchafu wote umetoka.
"Lile lilikuwa shavu la baba, Pentti."
Alipokuwa mdogo, akasema, alikuwa akilinusa: lami na tumbaku. Tangu mazishi alikuwa akilinusa tena, mimi nikiwa sipo. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kaifunga bunduki kwenye blanketi, kaenda nayo kwa dada yake.

Jumapili, 8 Septemba
Nyumba kimya. Kahawa yangu chungu. Nimeumia, kweli nimeumia, hata mkate haupiti. Mke wangu harudi kwa maneno matupu. Lazima nimfanyie jambo la kumgusa moyo.
Nimekwenda makaburini kufikiri. Jiwe la ukoo wao! Limeota kuvu, limesawijika, aibu tupu. Nimeazima brashi ya waya na mashine ya kusagia mawe. Kesho naanza na jina la mzee.