Bani ya Kondoo Chini ya Dirisha la Paa

Jamani, leo sina uso. Kanisani sina, nyumbani sina, hata kwenye kioo cha bafuni najionea haya. Nawaandikia hapa ukutani kwangu mtandaoni ili habari hii muipate kwangu kabla hamjaipata kwa wengine.

Nianze na dirisha. Nyumba yetu hapa Umbilo, Durban, ni ya zamani, na paa lake ni la zege, bapa kama meza. Jikoni kumebanwa katikati. Kuna kadirisha kamoja tu, nako kanatazama ukuta wa jirani. Umeme ukikatika mchana, na mnajua unavyokatika, nakata vitunguu kwa kupapasa. Kwa hiyo mwezi uliopita mimi na mume wangu, Baba Neema, tulikwenda Pinetown kwenye duka la madirisha ya paa kuchagua letu.

Kumbe yako mengi. Kuna ya plastiki yaliyovimba kama kipara, kuna ya kioo bapa, kuna yanayofunguka na yasiyofunguka. Dada wa dukani akatuuliza kama mtaani kwetu kuna tumbili. Nikacheka. Tumbili wa Umbilo wanaingia jikoni kwangu kuliko mawifi. Basi akatushauri tuchukue lisilofunguka, la vioo viwili. Halina pa kuchokonoa, halivuji ovyo, na linakalishwa juu ya kiunzi kilichoinuka ili maji ya mvua yasituame.

Hapo tulikubaliana wote. Tulikuja kushindana kwenye kioo chenyewe. Baba Neema alitaka kile cheupe kama maziwa, kinachopitisha mwanga bila kuonyesha kitu. Mimi nilitaka cha wazi kabisa, nione mawingu nikikoroga ugali. (Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikishika jambo siachii.)

"Mama Neema," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "iyi ya wazi, watu wataona mupaka mu sufuria."

"Watu gani? Juu ya paa kuna watu?"

Tukachukua cha wazi, na fundi akalipachika dirisha katikati ya jikoni.

Sasa kuna mfungo. Kanisa letu liko wiki ya pili ya kufunga na kuomba, hakuna kula mpaka jioni. Mimi ndiye kiongozi wa maombi ya kina mama, na ni mimi niliyeweka sharti kwamba mama atakayekula mchana atasimama Jumapili mbele ya kanisa zima aseme kwa kinywa chake. Pasta aliniuliza kama sharti si kali mno. Nikamwambia bila ukali hakuna nidhamu. Jumapili iliyopita akasimama Mama Benedicte, ambaye mimi mwenyewe nilimkuta kituo cha teksi na andazi shavuni. Alisimama akitetemeka, maskini. Alipomaliza, nikaongezea mahubiri kidogo. (Hayakuwa kidogo.)

Leo ni Jumamosi. Watoto walikuwa kwa rafiki zao. Baba Neema aliondoka asubuhi akisema ana miadi na Pasta kuhusu ukumbi wa kanisa. Nikabaki peke yangu, nikaamua kusafisha friji.

Ndani ya friji kulikuwa na nusu ya bani ya kondoo, ule mkate wa hapa Durban unaochimbwa katikati ukajazwa mchuzi. Ilikuwa ya Baba Neema. Yeye hafungi, ana vidonda vya tumbo. Niliipasha moto ili nijue kama imeharibika. (Msiniulize zaidi.) Haikuwa imeharibika hata kidogo.

Nikafunga mlango kwa ufunguo. Nikavuta pazia la kadirisha. Nikazima na redio, nadhani nilimwogopa mtangazaji. Halafu nikasimama katikati ya jikoni, mahali penye mwanga mzuri, nikala kama mtu aliyetoka jela.

Kivuli kikapita juu ya sahani, kikatulia. Niliona kichwa, na mikono miwili kando ya kichwa. Nikajua tumbili amefika. Tumbili humkazii macho, anaona unataka ugomvi, kwa hiyo sikuinua uso. Lakini nilijawa na furaha, labda ni ule mchuzi. Nikachovya kipande cha mkate, nikakiinua kuelekea kwenye kioo, nikakizungusha.

"Tamani tu," nikamwambia. "Hilo halifunguki."

Nikakishusha mdomoni taratibu. Nikalamba vidole kimoja kimoja. Nikazungusha na kiuno. (Mimi, mama wa maombi.) Kivuli hakikuondoka. Kikaja cha pili, kisha cha tatu, na hicho cha tatu kilikuwa na kofia.

Tumbili havai kofia. Nikainua uso.

Alikuwa Pasta. Amepiga magoti juu ya paa letu, mikono kando ya macho ili aone vizuri ndani, tai yake imelala juu ya kioo. Kulia kwake Baba Neema ameshika kichwa. Kushoto, mwenye kofia na tepu ya kupimia, ni Baba Benedicte, anayesimamia ujenzi wa kanisa. Ndiyo, mume wa yule mama wa andazi. Kumbe ndiyo miadi yenyewe. Ukumbi wa kanisa nao una paa bapa na giza tele, na Baba Neema aliwaleta waone dirisha letu kabla hawajachagua lao. Walipandia ngazi ya nyuma. Na kwa vile vioo viwili, sikusikia hata hatua moja.

Mtu mwenye akili angemeza, akatulia. Mimi nilifumba macho, nikainua mikono, nikajifanya nabariki chakula. Mashavu yamejaa! Nikasema amina. Nikafumbua jicho moja, bado wapo. Pasta akanipungia mkono kwa adabu.

Wakashuka, wakagonga mlango wa jikoni. Ufunguo ukaniteleza kwa mafuta, nikauokota chini, ukateleza tena. Walipoingia, hakuna aliyetaja mkate. Pasta akasifu mwanga. Baba Benedicte akasema kwamba kwa kanisa yeye atapendekeza kioo cheupe. Baba Neema hakunikumbusha neno lolote la Pinetown. Alisogea tu mezani akatazama kama kuna kilichobaki. (Hakikubaki.)

Nikawasindikiza hadi getini. Njiani nilishatunga uongo mzuri, kwamba na mimi nina vidonda vya tumbo, vimeanza juzi. Pasta akasimama kabla sijafungua kinywa. Yeye ni Mkongomani wa Bukavu, hana haraka akisema.

"Mama Neema, ile sharti yako ya kesho, tuiache? Mimi naweza nyamaza. Baba Benedicte pia iko tayari kunyamaza."

Nikamtazama Baba Benedicte. Alikuwa anakunja tepu yake bila kuniangalia. Akilini nikamwona mkewe akitetemeka pale mbele ya kanisa, na mimi pembeni namwongezea mahubiri. Jamani, niliona aibu. Ile ya jikoni ilikuwa ya kuonekana tu, hii ilinichoma.

"Hapana, Pasta," nikasema. "Nitasimama."

"Sawa," akasema. "Lakini usihubiri."

Walipoondoka nikampigia simu Mama Benedicte kumwomba radhi ya Jumapili iliyopita, na nikamweleza ya leo yote, pamoja na kiuno. Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena ili amalizie kucheka. Kisha akaniambia amenisamehe kabisa, na kwamba kesho atawahi ili apate kiti cha mbele. Shangazi yake anatoka Chatsworth makusudi kuja kuniona.

Kwa hiyo ninyi mnaosali nasi, nawaomba kitu kimoja. Chekeni leo, huko huko majumbani kwenu, mkamalize. Kesho nikisimama nataka nyuso za ibada.