Nilivyomfukuza Raymond, Fundi Wangu Bora

Jumatatu, 15 Novemba 1982

Leo Kampuni ya Kimataifa ya Haugen imefunguliwa rasmi! Makao makuu: meza yetu ya chakula, hapa Wisconsin. Wafanyakazi: mimi. Bidhaa: programu ya kompyuta inayomwambia mfugaji ng'ombe yupi anatoa maziwa na yupi anakula bure. Nimeacha kazi ya kuuza viatu kwa ajili yake. Tangazo limeshatoka kwenye gazeti la wafugaji. Nimeandika "wasiliana na idara zetu". Idara! Nilicheka mwenyewe.

Mke wangu Darlene hakucheka. Kasema mama yake anakuja Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya wiki ijayo, na batamzinga wa sikukuu hawezi kuwekwa juu ya printa. Nikipata mteja kabla ya hapo, kompyuta inabaki. Nisipopata, inauzwa, nami narudi kupima miguu ya watu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Huwa namwambia hivyo.

Jumanne, 16 Novemba

Simu! Bwana Tollefson, meneja wa ushirika wa maziwa. Wafugaji arobaini! Ameijaribu diski niliyompelekea wiki iliyopita. Analalamika kwamba programu inasema anayeongoza kwa maziwa ni Duke. Duke ni fahali.

Nikasema ngoja nikuunganishe na idara ya ufundi. Nikagonga sahani kwa kijiko ili isikike mitambo, nikabana pua, nikawa fundi aitwaye Raymond. Raymond akamsomea mistari ya kurekebisha, herufi kwa herufi, mzee akaiandika kwenye kompyuta yake. Duke akatoka kwenye orodha. Bwana Tollefson alifurahi mno. Akamwambia Raymond, "Kijana, wewe una akili. Huyo bosi wako ni domo tu."

Domo tu!

Alhamisi, 18 Novemba

Tollefson tena. Anamtaka Raymond. Nikamwambia mimi ndiye mwenye kampuni, naweza kumsaidia. Kasema hapana, asante, atasubiri. Na akasubiri! Nikamwacha hapo mpaka kahawa yangu ikapoa.

Nikabana pua. Nia yangu ilikuwa Raymond ajibu ovyo, ili thamani yangu ionekane. Akajibu ovyo kweli. Tollefson akamhurumia. "Pole, mwanangu. Huyo mtu anakutumikisha kama punda. Unakula lakini?" Raymond akasema anakula. Ningesema nini?

Jumatatu, 22 Novemba

Habari kubwa! Ushirika utawanunulia wafugaji wote arobaini programu yangu! Sharti ni moja: Raymond aende mwenyewe keshokutwa kuwafundisha.

Darlene alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Kasema mbona rahisi: nenda, mwambie Raymond ni wewe, mcheke pamoja, yaishe. "Mtu anakusifia wewe, halafu wewe unaona wivu! Unajionea wivu mwenyewe, Verlyn! Umeona wapi?" Nimemwambia hajui biashara. Kweli, ningeweza kwenda. Lakini sifa zote ziende kwa Raymond? Programu kaandika nani?

Jumanne, 23 Novemba

Nimemfukuza Raymond.

Nilimpigia Tollefson kwa sauti ya mkurugenzi. Nikasema kijana amejaa kiburi, nimemwachisha kazi, nitakuja mwenyewe. Kisha akaniuliza kama sina haya, kumfukuza mtoto wa watu sikukuu imefika mlangoni. Nikababaika, nikasema bado yupo, anakusanya vitu vyake. "Mpe simu!"

Nikabana pua. Tollefson akamwajiri Raymond papo hapo, mshahara mnono. Hapo nikajiona mjanja kuliko wote. Raymond akakataa! Akasema hawezi kumwacha Bwana Haugen, mtu mwenye kipaji ambacho hajawahi kukiona. Maneno yangu mwenyewe yalinitoa machozi. Tollefson naye alikuwa anapenga kamasi. Halafu akasema mtu anayemtupa kijana mwaminifu namna hiyo hatagusa hata senti ya ushirika wake. Akakata simu.

Alhamisi, 25 Novemba. Sikukuu ya Shukrani

Batamzinga yuko mezani. Kompyuta iko sakafuni, mnunuzi anakuja Jumamosi. Mama mkwe kauliza duka la viatu linanitaka lini. Darlene kajibu Jumatatu, kisha akaniongezea viazi vya kuponda bila kuombwa. Inaniuma sana, siwezi kudanganya. Nilitafuna nikiwa nimeinama.

Lakini wakati wa pai ya maboga nilijichunguza kwa unyoofu, nikaliona kosa langu. Nilimtegemea mtu mmoja! Kampuni kubwa haiendeshwi hivyo. Kwa hiyo kesho nafungua upya, juu ya meza ya kupigia pasi, kabla mnunuzi hajaja. Idara ya ufundi itakuwa na watu watatu, wote wapole, wenye akili ya wastani. Na yeyote atakayejitia hodari kuliko mimi, atamfuata Raymond.