Chupa ya Chai Isiyo na Tundu la Pili

Jumatatu, 3 Machi

Miwani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, amefunga kopo la kunasa oili kwenye gari lake la turbo. Jekundu, linang'aa. Boneti ameiacha wazi tangu asubuhi ili mtaa mzima upate darasa. Nimepita pale bila kutazama. Nimeona kila kitu.

Gari letu nalo lina turbo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Sawa, ni la mke wangu, lakini mtaalamu wake ni mimi. Fundi wetu wa magari alishanieleza: injini ikifanya kazi, moshi wenye oili huvuja kupita pistoni, na lazima upewe njia ya kutoka. Bomba la mpira huurudisha kwenye njia ya hewa, oili ikachafua mabomba yote ya turbo. Kopo hukaa katikati, likanasa oili. Basi! Kitu kidogo hivyo ndicho kinachomvimbisha mtu kichwa?

Mke wangu kanionya nisiguse. Ijumaa mama yake anafanyiwa upasuaji wa macho, nafasi aliyoisubiri tangu mwaka jana. Asipofika, ufunguo wa gari niusahau maisha. Nimemwambia atafika, tena kwa injini safi.

Jumanne, 4 Machi

Kununua kopo? Mimi? Chupa ya chai ya mke wangu, ile ya stili, ina umbo lile lile. Nimeijaza nyuzi za kusugulia sufuria, nikatoboa kifuniko, nikaingiza mpira. Kazi ya mikono yangu!

Mke wangu anatafuta chupa yake. Nimemsaidia kutafuta, hadi chini ya kitanda.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea Fundi aone. Kaigeuza geuza, kauliza tundu la pili liko wapi. La nini? Eti la hewa kutokea. Nikamuuliza kwa upole kama amewahi kuona mtego wa panya wenye mlango wa nyuma. Kitu cha kunasa, halafu kiachie! Akasema injini ikinyimwa pumzi itatapika, akarudi kwenye kazi yake akitikisa kichwa. Aliyeishiwa hoja hutikisa kichwa.

Nimeifunga chupa kwenye injini, na mahali mpira ulipokuwa ukirudisha moshi nimepaziba kwa bolti. Kubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezunguka mtaa polepole. Gari tulivu kabisa. Matone machache ya oili pale lilipoegeshwa, lakini hata mimi nikifanya kazi natoka jasho.

Miwani kachungulia juu ya ukuta nikiwa nimefungua boneti. Naye kauliza tundu la pili! Yeye na Fundi ni chungu kimoja na mfuniko wake. Wivu hauna dawa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Mama mkwe alikaa nyuma na binti yake. Hatujafika mbali, akasema, "Baba, macho yangu ndiyo mabovu. Pua ni nzima. Kuna kitu kinaungua."

Nikamjibu kwa adabu kwamba hiyo ni harufu ya injini safi. Tukafika kwenye kilima. Nikakanyaga mafuta, mama wa watu naye aonje turbo. Mlio! Kijiti cha kupimia oili kiliruka kama risasi, kikagonga boneti kwa ndani. Oili ikamwagikia turbo la moto. Moshi ukatumeza.

Mke wangu alishuka, akafungua boneti, akaiona chupa yake. Alinitazama juu hadi chini. Bora angenitukana.

Na nani akatokea nyuma yetu? Miwani. Akawachukua wote wawili, akamfungulia mama mkwe mlango kana kwamba mkwe ni yeye. Niliumia, sifichi. Machozi yalinitoka pale kilimani, na si yote yalikuwa ya moshi.

Jumamosi, 8 Machi

Upasuaji umekwenda vizuri. Alhamdulillahi. Fundi amelivuta gari, katoboa tundu la pili kwenye chupa ile ile, karudisha mpira mahali pake. Injini inaunguruma vizuri. Kwa hiyo chupa ilikuwa sahihi! Nimemwambia hivyo. Katikisa kichwa tena.

Mke wangu ameuvaa ufunguo shingoni. Maneno yake nayanakili yalivyo: "Boneti ya gari langu usiifungue tena. Mama angebaki kipofu kwa ajili ya ubishi wako."

Nikasema sawa. Nilimaanisha, tena kwa dakika nyingi tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa kina. Kosa lilikuwa la kijiti. Kililegea. Kingefungwa kwa waya, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Lakini ahadi ni deni, boneti siigusi. Bomba la moshi, hata hivyo, liko nyuma, tena chini, na mke wangu hakulitaja. Likifupishwa, turbo litapumua vizuri zaidi. Msumeno nimeazima kwa Miwani. Nimemwambia nakata tawi.