Suti ya Mlezi wa Miti

Watu walimwita Mtaalamu, ingawa hakuna aliyewahi kuuliza ni mtaalamu wa nini, na yeye hakuwa mtu wa kujisumbua kueleza. Wiki iliyotangulia alikuwa mtaalamu wa umeme wa jua. Asubuhi hiyo hakuwa na kazi, kwa hiyo alisimama kwenye kona ya barabara akitafuna kijiti cha meno na kutazama wenzake wakihangaika. Ndivyo alivyotafuta kazi.

Alichokiona kikamfurahisha. Mwenye duka jipya la vifaa vya ujenzi alikuwa amesimama mikono kiunoni, akiukodolea macho mti wa mkungu ulioota mbele ya duka lake. Matawi yalilifunika bango lote, zikabaki herufi mbili za mwisho. Chini ya mkungu huohuo alikaa mama mmoja fundi cherehani, mwaka wa kumi na nane sasa, na meza yake ya kukatia na benchi la wateja. Kibanda hakuwa nacho. Mti ukiondoka, naye ameondoka, maana hakuna mteja atakayekaa juani kupimwa suruali.

"Mmoja anataka ukatwe, mwingine anataka usimame," Mtaalamu alijiambia. "Mungu awabariki wote wawili."

Alikwenda kufunga tai, akarudi na jalada kwapani na tepu ya kupimia mfukoni, akaanza na mwenye duka.

"Mti huu uko kwenye orodha," alisema kwa sauti ya chini, sauti ya kuleta habari za msiba. "Ukiukata bila kibali, bosi, unalala ndani."

"Kibali kinatoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Kinachukua muda gani?"

"Kwa utaratibu, miaka miwili. Kwa ubinadamu, wiki moja."

Mwenye duka akatazama huku na huku. "Na huo ubinadamu unapenda nini?"

Ubinadamu ulipenda mabati ishirini na pampu ya maji. Saa nne haijafika, vyote vilikuwa juu ya mkokoteni, vinaelekea kwenye chumba alichopanga Mtaalamu nyuma ya soko. Tumpe haki yake: hakuomba hata senti moja. Rushwa aliichukia tangu utotoni. Yeye alipokea vifaa.

Kisha akamgeukia fundi.

"Shikamoo, mama. Nimeleta habari mbaya. Mti huu unakatwa Ijumaa ijayo."

Miguu ya mama ikaacha kukanyaga cherehani. Aliogopa kweli. Wajukuu watatu walikula kwa cherehani hiyo, na umri wake haukuwa tena wa kutafuta kivuli kingine.

"Hauwezi kuokolewa, baba?"

"Mimi naweza kuuandikisha ulindwe. Na wala sina tamaa. Suti tu. Ya kijivu, na kizibao chake."

Ili ionekane ni kazi ya kitaalamu, akauzungushia mkungu tepu, akainama, akasoma kwa sauti, "Mita mbili na robo! Unastahili ulinzi!"

Mama alitazama tepu. Alikuwa ameshika tepu tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na aliona wazi kwamba upande aliousoma bwana huyu ni ule wa nyuma, mweupe, usio na namba hata moja. Woga wake ukageuka hasira. Hasira akaimeza.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Njoo nikupime na wewe."

Alasiri alifunika cherehani, akaenda ofisi za mji. Alizungushwa kutoka chumba hadi chumba, mpaka akafika chumba namba saba, kwa afisa wa miti, binti aliyekaa kati ya marundo ya fomu akionekana kushangaa kupata mgeni.

"Kuripoti mti unaotaka kukatwa ni bure," alisema afisa. "Kuuandikisha bure. Miche bure, tena kitalu kimejaa mpaka hatuna pa kukanyaga."

"Mbona hakuna anayejua?"

"Tumebandika tangazo, mama."

"Wapi?"

"Hapa ndani." Afisa akaonyesha ukuta ulio nyuma ya kabati. "Shida yetu ni mlezi. Mti ukiandikishwa, lazima mtu asaini kupanda miche arobaini kwenye barabara hiyo na kuitunza miaka mitatu. Watu wakifika hapo wanakumbuka wana safari."

"Lazima wasome?" mama aliuliza taratibu.

Afisa alichomoa fomu moja kwenye rundo. "Lazima wasaini," alisema, akampa.

Sasa, mama huyu alikuwa na utaratibu wake. Wateja wengi walikuwa wameagiza nguo na kumkana mchana kweupe, kwa hiyo hakukata kitambaa mpaka mtu asaini daftari na kuandika namba ya kitambulisho. Mtaalamu alipokuja kujaribu koti, alikuta kioo kimeegemezwa kwenye shina, na ndani ya kioo akakuta mtu wa maana sana.

"Saini hapa, ya koti," mama alisema. "Hapa, ya suruali. Hapa, ya kizibao. Na hii."

"Hii ya nini tena?"

"Mabega kama haya yana karatasi yake peke yake, mwanangu."

Mtaalamu akasaini bila kuondoa macho kwenye kioo. Nusu ya mji ilikuwa imemsainia yeye bila kusoma, na hakuwahi kujiuliza inakuwaje.

Ijumaa asubuhi alikuja kuchukua suti, awahi basi la saa sita. Akaivaa palepale. Akiwa anafunga kifungo cha mwisho, mwenye duka alitokea na vijana wawili na msumeno wa mashine, na upande wa pili likasimama lori la miche, afisa wa miti akashuka na mgambo wawili.

"Yuko wapi mlezi?" afisa aliuliza, akasoma kwenye fomu majina yote matatu ya Mtaalamu na namba ya kitambulisho.

Mwenye duka alivimba. "Mlezi? Huyu? Na mabati yangu je? Na pampu yangu?"

"Mabati gani?" mgambo mmoja aliuliza, akasogea.

Mtaalamu alitazama viatu vyake, mwenye duka alitazama msumeno.

"Mchango wake," mama alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Mabati ya kukingia miche, pampu ya kumwagilia. Si ndivyo, bosi?"

"Ndi... ndivyo," alisema mwenye duka, na afisa akampa mkono na kumshukuru mbele ya barabara nzima.

Mabati yalirudi, pampu ikarudi, na jua la saa sita likamkuta Mtaalamu anachimba shimo la tisa. Mwanamke mmoja alisimama kando yake.

"Wewe ndiye bwana miti? Jirani yetu anataka kukata mti wa watu. Kumzuia itatugharimu nini?"

Mtaalamu alinyooka, tabasamu likaja lenyewe. Mama aliacha kushona, akamtazama. Afisa akamtazama. Mgambo wote wawili wakamtazama.

"Nenda chumba namba saba," alisema. Akameza mate, akafuta jasho, akajaribu mara mbili kabla neno halijatoka. "Ni bure."