Yaw Ntiamoah wa Nne

Jumatano, 4 Machi
Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi: usimwambie mtu neno hata moja. Kibarua changu cha ukarani katika ofisi ya chifu kinaisha mwezi huu.

Leo Mama Daakowaa, katibu wetu, kaniagiza niandike maisha ya akina Yaw Ntiamoah mashuhuri wa mji huu. Yatasomwa Jumapili, sikukuu ya Akwasidae, mbele ya chifu na wazee. Mimi pia ni Yaw Ntiamoah. 

Alhamisi, 5 Machi
Nimewapata watatu wenye jina hilo, na wote watu kweli. Mfumaji: alifuma kitambaa cha kente miaka miwili, akakifumua chote kwa ajili ya uzi mmoja uliopinda. Muuguzi: ndui ilipoingia wenzake walikimbia, yeye akajifungia na wagonjwa arobaini. Thelathini na mmoja walitoka wakitembea. Golikipa: alidaka penalti kwa mkono uliovunjika, kisha akamwomba radhi mpigaji. Nimeandika huku machozi yananitoka.

Kisha nikaongeza wa nne. Mistari miwili tu: karani kijana, mwandiko safi, hajapoteza faili. Wazee wakisikia hivyo, wataniajiri moja kwa moja.

Ijumaa, 6 Machi
Mama Daakowaa kapokea bila kusoma, macho yanamsumbua. Karatasi imekwenda kwa Nana Baffoe, msemaji wa chifu.

Mchana Kwame Badu, mwenzangu ofisini, aliyeichungulia nakala, kaniuliza kama nimewahi kuonja schnapps. Nikasema sinywi. Akasema: Jumapili utakunywa, ndugu yangu, tena ukiwa chini ya ardhi. Mimi nilidhani yatasomwa wakati wa hotuba. Kumbe ni ya tambiko! Msemaji anamwaga kinywaji hicho chini na kuwaita marehemu mmoja mmoja waje wanywe. Jioni hata fufu imenishinda kula.

Jumamosi, 7 Machi
Nimekwenda kwa Nana Baffoe kuomba karatasi, eti nirekebishe nukta. Kasema ameshaichoma, yote yako kichwani. Kisha akapangusa macho. Huyo karani kijana ndiye aliyemuumiza zaidi. Akaniuliza: alikufa kwa ugonjwa gani, mwanangu?

Nikajibu: ghafla, Nana.

Jumapili, 8 Machi
Mfumaji akaitwa. Muuguzi alipoitwa, bibi mmoja mwenye makovu ya ndui usoni akasimama, akabaki amesimama mpaka mwisho. Hata Kwame aliinamisha kichwa. Golikipa akaitwa.

Halafu mimi. Nikinyamaza, nimekufa. Nikisema, kazi imekufa. Chupa ikainama. Nikapiga kelele: nipo, Nana, sijafa!

Umati ukarudi nyuma. Chupa ikamponyoka Nana Baffoe. Chifu akacheka mpaka wabeba mwavuli wake wakayumba, akaamuru nitoe kondoo, achinjwe ili roho yangu irudi. Na mwisho wa mwezi niende zangu. Mama Daakowaa kaniambia taratibu: mwanangu, wale watatu hawakujiandika.

Jumatatu, 9 Machi
Sikulala, nikiwaza maneno ya Mama. Hawakujiandika. Kweli kabisa, kosa langu ni hilo tu.

Kwa hiyo wasifu wangu anauandika Kwame. Mimi namtajia tu. Tumefika ukurasa wa tatu na bado sijaanza shule.

Mwenye sifa yangu yoyote ya kuongeza aje ofisi ya chifu kabla mwezi haujaisha, mlango wa nyuma, meza iliyo karibu na kabati. Amwulizie Yaw Ntiamoah aliye hai. Aulize kwa sauti ya chini; siku hizi nikiitwa kwa nguvu nashtuka.