Nirudishiwe Vumbi Langu

Stoo ya Nafaka, nyuma ya soko,
Rongai.

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Barua.

Ndugu Mhariri,

"Kompyuta inayochemka ni kompyuta inayolia. Isikilize, itoe vumbi, nayo itakushukuru." Maneno hayo si yangu. Ni ya bwana Weldon Kiptanui, fundi wa Bondeni, katika ile safu uliyompa Jumamosi pamoja na picha yake akitabasamu na bisibisi mkononi.

Nayakataa maneno hayo yote, na picha pia. Ikiwa kila kinachochemka kinalia, basi sufuria ya githeri nyumbani kwangu inalia tangu asubuhi na hakuna aliyeikimbiza kwa fundi. Uji unalia. Chai inalia. Chemchemi za maji moto za Bogoria zimelia tangu dunia iumbwe na watu hulipa kiingilio kwenda kuzitazama. Weldon aende huko na bisibisi yake, azifungue, atoe vumbi, tuone kama zitamshukuru.

Mimi naandika kama mtu aliyeumizwa na fundisho hilo. Nina laptopu moja nyeusi, nzito kama jiwe, ambayo nimeandikia kila barua uliyowahi kuipokea kutoka kwangu. Hukaa kwenye meza ya sebuleni, na kwa kuwa soketi ya sebuleni iliungua zamani, waya wake hupita mlangoni mpaka jikoni. Ilikuwa ikipata moto kiasi kwamba paka wetu aliacha jiko la makaa akahamia kando yake. Niliiweka juu ya mikebe miwili ya mafuta ya kupikia ili ipate hewa kwa chini, na bado meza ikababuka. Sikulalamika. Mtu mkali hawezi kuandikia kitu baridi.

Mwezi uliopita nilipokuwa Ndabibi kununua maharagwe, mke wangu, Mama Sue, aliionea meza huruma. Akaibeba kompyuta mpaka Bondeni. Niliporudi ilikuwa imefunguliwa, imepulizwa na imefungwa, na fundi alikuwa kwenye simu akijisifu: "Mzee, hiyo kitu ilikuwa imebeba shamba mzima ndani! Sasa iko poa."

Iko poa. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Vumbi lilikuwa langu. Mimi nauza nafaka. Unga wa mahindi ya Rongai, makapi ya ngano na udongo ulionifuata kutoka Ndabibi vilijikusanya mle ndani polepole, kwa hiari yao, bila kulazimishwa na mtu. Isitoshe, wanaochunguza asili ya majina hutuambia kwamba Nakuru, mji wetu mkubwa, ni neno la Kimaasai linalohusu vumbi. Yaani vumbi ndilo jina letu. Halafu kijana anachukua pampu, analipuliza jina la mji nje ya dirisha, na gazeti linampa safu! Nilimpigia simu nikamuuliza amelipeleka wapi. Akanijibu, "Ah, mzee, vumbi ni vumbi tu." Ajaribu kumwambia mwenye shamba kwamba udongo ni udongo tu, aone atakavyofukuzwa.

2. Neno "poa" limetumiwa vibaya. Chai ikipoa tunaipasha. Ugali ukipoa, mgeni anajua hakutarajiwa. Mahubiri yakipoa, waumini wanahamia kanisa la jirani. Hakuna kitu katika maisha ya mtu wa nyanda hizi za juu, penye baridi hii ya asubuhi, ambacho kilipoa kikawa bora. Ni kompyuta peke yake ndiyo tunayoambiwa kwamba kupoa ni afya yake?

3. Amebadilisha betri pia, ati ile ya zamani ilikuwa imefura kama andazi. Hakuna aliyemwomba. Lakini hilo ni jambo dogo, nisilipotezee nafasi.

4. Sasa nafika kwenye kidonda chenyewe. Kabla ya Weldon, nilikuwa nikiketi jioni, naanza barua, nachemka, nayo kompyuta inachemka. Tulipanda pamoja. Nilipofika mahali pa kumtaja mtu kwa jina na kumwambia anafanana na nini, tap! Giza. Nikabaki nikitazama uso wangu kwenye kioo cheusi, na kusema kweli uso huo haukuwa wa kuchapishwa. Papo hapo Mama Sue aliita, "Baba Sue, chakula!" Nikienda, nikila, nikirudi, hasira ilikuwa imeshuka tumboni pamoja na chakula. Nilisoma kilichosalia, nikaona kinatosha, nikakutumia. Ndizo barua ulizozichapa: ile ya matuta ya barabarani, ile ya mbolea iliyochanganywa na mchanga, ile ya spika za kanisa. Ulizisifu kwa ufupi wake. Ufupi ule haukuwa wangu, Ndugu Mhariri. Ulikuwa wa joto.

Tena joto lile lilikuwa na akili kuliko mafundi wengi. Halikuwahi kuizima kompyuta wakati ambapo chakula hakijawa tayari. Siku ya githeri, ambayo huchukua muda kuiva, lilinivumilia mpaka ukurasa wa tatu. Siku ya mayai halikunipa hata aya mbili. Weldon, sayansi yako inalielezaje hilo?

Sasa kompyuta haizimi. Barua yangu kuhusu bei ya mahindi ilianza na mahindi ikaishia kwa Warumi. Ukanijibu kwa mstari mmoja: "Mzee Mbugua, hiki ni kitabu. Fupisha." Ile iliyofuata ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu nilikuwa naeleza kwa nini ya kwanza haifupishiki. Hukunijibu kabisa. Na pale mahali pangu, kona ya juu kulia ambapo wasomaji wa Rongai walizoea kunitafuta kabla hawajatazama matangazo ya vifo, sasa ameketi Weldon na bisibisi yake. Odero, muuza viatu jirani ya stoo yangu, juzi aliniuliza kwa upole ulioniuma, "Mwandishi, kwani ulikuwa umelazwa?" Mimi sina cheo, Ndugu Mhariri. Sikuwahi kuchaguliwa kuwa chochote, hata mweka hazina wa kamati ya maji. Nina kona hiyo tu.

5. Nyumba yangu inateseka. Kwa kuwa mashine haizimi, nami siachi. Mama Sue anaita mara ya kwanza, anaita mara ya pili, kisha haiti tena. Chakula kinapoa, litazame tena hilo neno la Weldon. Katika muda huu wa ziada nimemwandikia chifu, nimeiandikia bodi ya shule ambayo Sue alimaliza zamani, na nimemwandikia shemeji yangu Kinyanjui, kaka yake Mama Sue kule Ndabibi, kuhusu mbuzi wa mahari ambao tulishaelewana kuwahusu, wakachinjwa, wakaliwa, na mimi mwenyewe nikasifu supu. Sasa wakwe zangu wanataka kikao. Nani ataketi mbele yao? Weldon?

6. Natoka nyumbani, naingia taifani. Nchi hii ina watu wakali wangapi wenye kompyuta? Walimu wakuu waliostaafu, makatibu wa vyama vya ushirika, wazee wa kanisa walioshindwa kwenye kura. Kila jioni wanaketi, wanaanza, na kila jioni joto linawakatiza kabla hawajafika kwenye majina. Joto limelinda amani yetu miaka yote hii bila sare wala mshahara. Sasa bwana Weldon anawashauri wote wapulize vumbi kwa pamoja! Hebu fikiria nchi ambayo kila mkali amemaliza sentensi yake. Ni nani atakayebaki akisalimiana na nani?

7. Paka amerudi kwenye jiko la makaa, na akipita karibu nami hanitazami.

Kwa hayo yote, nadai Weldon Kiptanui anirudishie vumbi langu lote. Kama amelichanganya na vumbi la wateja wengine, akae chini alichambue. La Rongai lina rangi yake. Akisharudisha, aliweke alipolikuta, aizibe feni vizuri kama ilivyokuwa, na aniombe radhi katika safu ileile, bila picha. Wewe nawe, Ndugu Mhariri, uichape barua hii nzima bila kukata hata nukta, maana kukata ni kazi ya joto, na joto mmeliua.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule anayesahihisha tahajia, ambaye amenivumilia sana. Salamu kwa wasomaji wa Bondeni wasio mafundi. Salamu pia kwa mama yake Weldon, ambaye namfahamu kwa heshima na najua hakumlea hivi.

Ni mimi, niliyepozwa bila kuulizwa,

Mbugua, mfanyabiashara wa nafaka na msomaji wako wa kudumu.

T.B. Mama Sue amekuja kufuta meza, akasimama nyuma yangu, akaisoma barua hii yote. Amecheka mpaka akatafuta kiti. Anasema halikuwahi kuwa joto. Betri ya zamani ilikuwa maiti; kompyuta iliishi kwa waya tu, na waya, kama nilivyokueleza mimi mwenyewe hapo juu bila kujua, unaishia jikoni kando ya jiko. Chakula kikiiva alizima swichi, kisha akaita, na nilipomaliza kula aliiwasha tena. "Sasa ungekula lini, Baba Sue? Na ungemtukana nani tena?" Tangu betri mpya iwekwe, amekuwa akizima swichi kila jioni na mimi naendelea tu kuandika, mpaka akaanza kuamini kwamba siku hizi hasira yangu ina umeme wake. Kwa hiyo barua zile zote ulizozisifu, aliyezihariri ni yeye, akiwa na mwiko mkononi.

Ndugu Mhariri, futa malalamiko yote isipokuwa la tatu, lile nililosema ni dogo.

Mama Sue, najua utalisoma hili likichapwa: swichi ni yako.

Nawe Weldon, vumbi kaa nalo. Niletee betri yangu mbovu, na uje kabla githeri haijaiva.